CHEMCHEMI INAYONG'AA, MENO YA KAHAWIA

Ndugu msomaji, fikiria chemchemi ya kijijini kwako. Maji yanatoka chini ya mwamba, mchana na usiku. Ni maangavu. Ukidondosha shilingi ndani yake unaiona mpaka chini. Hayana harufu. Hayakauki wakati wa kiangazi. Babu zako waliyanywa, nawe unayanywa. Nani atathubutu kusema kwamba maji hayo ni mabaya?

Sasa mtazame mtoto wako anapocheka. Meno yake yana rangi gani?

Katika vijiji vingi vinavyouzunguka Mlima Meru, mkoani Arusha, watu wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Wengine meno yao yamebanduka-banduka na kuwa na vishimo. Msichana akitaka kucheka huziba mdomo kwa kanga. Mtoto akiitwa kupiga picha hufumba midomo. Watu wa mbali humwona na kusema, "Huyu hapigi mswaki." Wengine husema ni urithi wa ukoo. Wengine husema ni mkono wa mtu.

Yote hayo si kweli. Sababu imo katika maji. Leo tutaeleza imeingiaje humo, inatudhuru vipi, na sisi tufanye nini.

MAJI YALIPITA WAPI KABLA YA KUFIKA KWAKO?

Mlima Meru ni mlima wa volkano. Zamani za kale ulitapika moto, majivu na mawe yaliyoyeyuka. Mara ya mwisho ulitoa majivu kidogo mwaka 1910. Kilimanjaro nao ni mlima wa volkano. Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, ungali hai mpaka leo. Mwaka 2007 ulilipuka na kumwaga majivu. Milima hii imesimama ndani ya Bonde la Ufa au kando yake. Bonde hilo linapita pia Kenya na Ethiopia, na huko nako yako maji ya namna hii.

Mvua inaponyesha mlimani, sehemu ya maji huteremka mitoni. Sehemu nyingine huzama ardhini. Maji yaliyozama hupenya polepole katika majivu na miamba ya volkano. Yanapopenya, huyeyusha madini yaliyomo na kuyachukua. Ni kama maji ya moto yanapopita katika majani ya chai. Hayatoki kama yalivyoingia.

Baada ya safari ndefu, maji hutokeza tena chini ya mlima. Hiyo ndiyo chemchemi. Ikiwa yalipita mahali penye joto, hutoka yakiwa ya vuguvugu au ya moto. Ndiyo maana tuna mahali pengi panapoitwa Maji Moto.

Si chemchemi zote zilizo sawa. Maji yaliyokaa muda mfupi ardhini, mahali penye mvua nyingi, kwa kawaida huwa na madini machache. Maji yaliyokaa muda mrefu katika majivu na miamba huwa na madini mengi. Chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana sana. Moja ikawa njema, na ya pili ikawa na madhara.

FLORAIDI NI NINI?

Miongoni mwa madini hayo yapo yanayoitwa floraidi. Floraidi haina rangi. Haina harufu. Haionekani kwa macho. Huwezi kuitambua kwa kuonja maji ya kunywa.

Wengi wanaujua mto uitwao Maji ya Chai, ulio wilayani Arumeru kwenye barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi. Maji yake ni ya kahawia kama chai, na yana floraidi nyingi. Lakini usidanganyike na rangi. Rangi ile siyo floraidi. Maji meupe kabisa yanaweza kuwa na floraidi nyingi vilevile.

Je, floraidi ni sumu? Jibu ni kwamba inategemea kiasi. Floraidi kidogo husaidia meno yasioze. Ndiyo maana hutiwa katika dawa nyingi za meno. Floraidi nyingi, ikinywewa kila siku kwa miaka, huharibu meno na mifupa. Ni kama chumvi. Kidogo hukoleza mchuzi, nyingi huuharibu.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi. Miligramu ni nini? Chukua gramu moja, uigawe mafungu elfu moja. Fungu moja ndilo miligramu. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 haitakiwi kuzidi miligramu 30. Kiasi hicho ni kidogo kuliko chumvi unayoichota kwa ncha za vidole viwili.

Mwaka 1974 nchi yetu iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu vyanzo vya maji vilikuwa vichache. Baadaye kiwango kikateremshwa mpaka miligramu 4. Tangu mwaka 2018 kiwango cha Tanzania ni miligramu 1.5. Basi usistaajabu ukisikia kwamba bomba lililokubaliwa zamani leo halikubaliki. Maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni kipimo, kwa faida ya watoto wetu.

INAHARIBU MENO NAMNA GANI?

Floraidi hupenda kushikamana na chokaa. Mwilini mwetu chokaa nyingi imo katika meno na mifupa. Kwa hiyo floraidi tunayokunywa huenda kukaa huko.

Meno ya ukubwani hayaanzi kutengenezwa siku yanapoota. Huanza kutengenezwa ndani ya taya tangu mtoto akiwa mchanga, na kazi hiyo huendelea mpaka umri wa miaka minane hivi. Mtoto akinywa floraidi nyingi katika miaka hiyo, ganda gumu la jino halijengeki vizuri. Jino huota likiwa na michirizi myeupe kama chaki. Baadaye michirizi hugeuka kahawia. Likiwa limeathirika sana, hubanduka vipande.

Hapa pana jambo kubwa la kukumbuka. Doa unaloliona leo katika jino la mtoto wa miaka minane liliingia alipokuwa mdogo sana. Kwa jino hilo umechelewa. Lakini kwa mdogo wake anayetambaa hujachelewa.

Kusugua meno kwa mchanga, kwa majivu au kwa mkaa hakuondoi madoa hayo. Hayako juu ya jino, yamo ndani yake. Kusugua kwa nguvu huzidi kulidhoofisha jino. Daktari wa meno anaweza kulifunika au kulipunguza doa, lakini hawezi kulirudisha jino kama lilivyotakiwa kuwa. Endelea kupiga mswaki kama kawaida, kwa kuwa jino lenye vishimo huoza upesi.

INAHARIBU MIFUPA NAMNA GANI?

Madhara ya mifupa huja polepole, na hasa pale floraidi inapokuwa nyingi sana. Mtu hunywa maji kwa miaka mingi bila kuhisi lolote. Kisha huanza maumivu ya viungo na mgongo. Mgongo na shingo hukakamaa. Kuinama shambani huwa taabu. Watoto wengine miguu yao hupinda, magoti yakaingia ndani au yakatoka nje.

Ugonjwa wa mifupa ukishafika hapo, hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Dawa yake ni kuuzuia mapema.

Lakini angalia, si kila mguu uliopinda umepindwa na floraidi. Matege huweza kuletwa pia na upungufu wa lishe. Si kila maumivu ya mgongo ni floraidi. Mpeleke mgonjwa zahanati au kituo cha afya achunguzwe. Mweleze mganga mnakunywa maji ya chanzo gani.

JE, KUCHEMSHA KUNASAIDIA?

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tulifundishwa kuchemsha maji. Mafundisho hayo yalikuwa ya kweli, na ni ya kweli mpaka leo. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara.

Lakini floraidi siyo kijidudu. Haina uhai, basi haiwezi kuuawa. Fanya jaribio hili nyumbani.

Tia kijiko kimoja cha chumvi katika sufuria ya maji. Koroga mpaka chumvi isionekane. Chuja maji hayo kwa kitambaa safi. Onja. Chumvi imo. Sasa yachemshe kwa muda mrefu. Yaache yapoe, uonje tena. Chumvi imo bado, tena imezidi, kwa sababu maji yamepungua kwa mvuke na chumvi imebaki.

Floraidi ni hivyo hivyo. Kuchuja kwa kitambaa au kwa mchanga hakuitoi. Dawa ya kutibu maji haiitoi. Kuyaacha yatulie usiku kucha hakuitoi. Kuchemsha sana huikusanya.

MAGADI JIKONI

Akina mama wengi hutia magadi katika maharage, makande au mlenda ili viive upesi na kulainika. Magadi yanayochotwa ardhini au kando ya maziwa ya magadi huwa na floraidi, na mengine huwa nayo nyingi sana. Imeonekana kwamba hata mahali penye maji mazuri, watoto wanaokula vyakula vya magadi huweza kupata madoa ya meno.

Afadhali loweka maharage au mahindi tangu jioni, kisha yapike katika sufuria iliyofunikwa. Yatalainika. Uyaloweke na kuyapika kwa maji mazuri, kwa sababu chakula hunywa maji yanayopikiwa. Mtoto mdogo hupata maji mengi katika uji kuliko katika kikombe.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Kwanza, mnyonyeshe mtoto. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza amekingwa. Usimpe maji wala uji kabla ya miezi hiyo. Baada ya hapo mwanzishie vyakula, lakini endelea kumnyonyesha mpaka afike miaka miwili au zaidi.

Pili, tenga maji. Maji ya kunywa na kupikia yawe mbali. Maji ya kuoga, kufua, kuosha vyombo na kufyatua matofali yawe mbali. Floraidi haidhuru kwa kupita katika ngozi. Kwa hiyo chemchemi yako usiichukie. Itumie kwa kazi hizo, na maji ya moto mnaweza kuyaoga. Tatizo ni kuyanywa na kuyapikia.

Tatu, kinga maji ya mvua. Maji ya mvua hayajapita katika mwamba, basi karibu hayana floraidi kabisa. Yanahitaji paa safi la bati, mfereji na tangi lenye mfuniko. Mvua ya kwanza iache ipite ioshe paa. Kabla ya kuyanywa yachemshe, maana ndege na mijusi hupita juu ya paa.

Nne, mle vizuri. Maziwa na mboga za majani huupa mwili chokaa. Mwili wenye lishe nzuri hauumii upesi kama mwili wenye njaa.

Tano, simamia dawa ya meno. Mtoto mdogo atiwe kidogo tu kwenye mswaki, na afundishwe kutema, asiimeze.

TUPIGE HESABU YA TANGI

Chukua penseli, tuhesabu pamoja. Tuseme nyumba ina watu 6. Kila mmoja anahitaji lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia.

6 x 5 = lita 30 kwa siku.

Kiangazi ni miezi 5, sawa na siku 150.

30 x 150 = lita 4,500.

Tangi la lita 5,000 litatosha. Je, paa litaweza kulijaza? Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita 1. Paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 lina mita za mraba 40. Mvua kubwa ya siku moja, ya milimita 20, hutoa 40 x 20 = lita 800. Hata kama nyingine itamwagika, mvua kubwa nane au tisa zitalijaza tangi.

"Sina fedha za tangi kubwa," utasema. Ni kweli, tangi ni ghali. Basi kinga kwa ajili ya wale wanaodhurika zaidi. Tuseme una watoto 2 walio chini ya miaka minane.

2 x 5 = lita 10 kwa siku.

10 x 150 = lita 1,500.

Tangi dogo litatosha kuyalinda meno yao. Watu wazima ambao meno yao yamekwisha kuota hawatapata madoa mapya, ingawa mifupa yao nayo inafaa kulindwa. Maji yakiwa machache, mtoto atangulie.

MKAA WA MIFUPA

Tulisema floraidi hupenda chokaa, ndiyo maana huingia katika mifupa yetu. Wataalamu wametumia tabia hiyo hiyo kuinasa. Huchukua mifupa ya ng'ombe, wakaichoma katika tanuri maalumu mpaka ikawa mkaa. Mkaa huo huvunjwa vipande vidogo na kutiwa katika ndoo yenye bomba. Maji yakipita humo, floraidi hushikamana na mkaa wa mifupa badala ya kushikamana na mifupa yako.

Huko Ngurdoto, jirani na Maji ya Chai, Serikali iliweka kituo cha kuchunguza namna ya kuondoa floraidi katika maji. Nakuru, nchini Kenya, nako machujio ya mkaa wa mifupa yametengenezwa.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, usichome mifupa mwenyewe jikoni. Isipochomwa kwa joto linalofaa, huyapa maji harufu na ladha mbaya, au isinase floraidi. La pili, mkaa hushiba. Baada ya muda hauwezi kunasa tena, na maji yatapita maangavu vilevile huku floraidi ikipita nayo. Lazima maji yapimwe mara kwa mara, na mkaa ubadilishwe.

USIKIMBIE MOTO UKAINGIA MTONI

Ndugu msomaji, baada ya kusoma haya usiseme, "Kuanzia leo tutakunywa maji ya bwawani." Maji ya bwawa wanamokunywa ng'ombe yanaweza kumpa mtoto ugonjwa wa kuhara na kumwua kwa siku chache. Floraidi hudhuru kwa miaka. Kama huna chanzo kingine ila chemchemi, endelea nayo wakati unatafuta njia njema. Ila utafute kweli, usikae.

KIJIJI KIFANYE NINI?

Kwa macho huwezi kuijua floraidi. Maji lazima yapimwe kwa vifaa. Leteni jambo hili katika mkutano wa kijiji. Ombeni kwa maandishi maji yapimwe na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019, au kupitia kwa afisa afya. Pimeni kila chanzo peke yake: chemchemi, kisima na mto. Ni vema mpime kiangazi na masika. Matokeo yaandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa penye chanzo, kila mtu ayasome. Kisoma hicho ndicho faida ya kujua kusoma.

Mkikuta chanzo kimoja kina floraidi kidogo, kilindeni. Msilime juu yake wala msiinyweshe mifugo ndani yake. Maji hayo yawe ya kunywa na kupikia. Shule na zahanati ziwe za kwanza kukinga mvua, maana zina mapaa makubwa.

Na kabla ya mradi mpya wa bomba kuanza, ulizeni swali moja: "Floraidi ni miligramu ngapi?" Bomba hulazwa kwa gharama kubwa. Swali halina gharama.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini maji maangavu ya chemchemi yanaweza kuwa na madhara?

2. Kwa nini kuchemsha hakuondoi floraidi? Lifanyeni jaribio la chumvi.

3. Mtoto wa kwanza ana meno ya kahawia. Mama yake ana mimba nyingine. Afanye nini ili huyu wa pili acheke bila kuziba mdomo?

4. Pimeni paa la nyumba yenu. Mvua ya milimita 10 itawapa lita ngapi?

5. Vyanzo vya maji vya kijiji chenu vimepimwa lini? Nani atauliza katika mkutano ujao?